MAONI: Msaliti akilia, muulize amerudisha nini

Wanafunzi wakisoma Macbeth, swali halikosi: je, huyu ni mtu mwovu, au ni mtu mzuri aliyepotoshwa? Jibu ninalolisikia mara nyingi kwa vijana wenzangu ni kwamba jamaa alidanganywa na wachawi watatu, mkewe akamalizia kazi, na zaidi ya yote aliumia. Aliona jambia likielea hewani. Usingizi ulimpaa. Basi eti tumhurumie.

Mimi sikubali. Kabla hajamuua Mfalme Duncan, Macbeth anajitenga na karamu na kuhesabu mwenyewe sababu za kutofanya hivyo: Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake, na usiku huo ni mgeni wake. Mgeni, jamani! Amekula kwako, amelala kwako, amekuamini. Hakuna mchawi aliyemficha Macbeth hata moja ya hizo. Alizijua zote, akaingia chumbani.

Majuto yanakuja baadaye, tena ya kweli, sikatai. Dhamiri inamsuta mpaka anatetemeka. Lakini tazama anachofanya nayo. Anatuma watu wamuue Banquo, rafiki aliyepigana naye bega kwa bega vitani. Kisha anatuma wengine kwa Macduff, ambako wanaangamizwa mke na watoto. Katikati ya hayo anajilinganisha na mtu aliyeingia ndani sana kwenye mto wa damu, anayeona kurudi nyuma kunachosha sawa na kuvuka.

Rudia hapo pole pole. Hasemi kurudi hakuwezekani. Anasema kunachosha. Malcolm, mwana wa Duncan aliyekuwa ametangazwa mrithi, yuko hai Uingereza. Mwenye mali yupo na anajulikana aliko. Kiti kingeweza kurudi. Macbeth anaumwa na kila kitu isipokuwa hamu ya kukirudisha.

Ndiyo maana nikisoma tanzia hizi za kale siulizi tena kama mhusika alijuta. Karibu wote hujuta. Nauliza ameshika nini mkononi wakati anajuta.

Na hapo hakuna mfano unaomshinda Claudius, yule mfalme wa Denmark katika Hamlet. Huyu alimtilia ndugu yake sumu sikioni akiwa amelala bustanini, akachukua taji, na kabla miezi miwili haijaisha akamwoa mjane wake, Gertrude. Hamlet anawaleta waigizaji wacheze mauaji yanayofanana na hayo mbele yake. Claudius anashindwa kukaa, anainuka, karamu inavunjika. Baadaye yuko peke yake na anajaribu kusali.

Kwangu huu ndio mtihani mkubwa wa mchezo mzima. Claudius hajidanganyi hata kidogo. Anataja dhambi yake kwa jina, anajua ni ya kumuua ndugu. Kisha anajiuliza swali ambalo wengi wetu hulikwepa: nitaombaje kusamehewa na bado ninavyo vile vitu nilivyoulia? Anavihesabu: taji, ile tamaa yake ya ukubwa, na malkia. Anapiga magoti hivyo hivyo. Akiinuka, anakiri kwamba maneno yamepaa lakini moyo umebaki chini.

Kichekesho ni kwamba Hamlet amepita hapo na upanga. Anamwona mjomba kwenye magoti, anadhani toba ni ya kweli, anaogopa asije akampeleka mbinguni, anaondoka. Mtu mwerevu kuliko wote katika mchezo ule alidanganywa na magoti. Sisi je?

Kila mtaa una kisa chake cha mweka hazina wa chama. Pesa zimechangwa mwaka mzima, mia mia, mia mbili mia mbili, kwa simu. Desemba ya kugawana ikifika, namba haipatikani. Baada ya wiki kadhaa anajitokeza, macho mekundu. Analia. Anasema ni shetani, anasema halali, anasema hata kula hali. Wanachama wanaanza kumpa pole! Mama mboga aliyetegemea hizo hela kwa karo ya Januari ndiye anayembembeleza. Na bodaboda mpya iko pale nje, imefunikwa turubai isinyeshewe.

Hebu muulize hiyo pikipiki inauzwa lini. Utaona jinsi machozi yanavyokauka haraka. (Wakubwa wetu wanaopenda kuomba msamaha madhabahuni Jumapili wana darasa lao. Leo sifiki huko.)

Sasa mweke Claudius kando ya Oedipus wa Sophocles. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumpata kwa jina la Mfalme Edipode, katika tafsiri ya Samuel Mushi wa Tanzania. Oedipus alimuua baba yake kwenye njia panda bila kumjua, akamwoa mama yake bila kumjua. Ukimpeleka kwa wakili, angekuwa na utetezi mzito kuliko wa Macbeth na Claudius ukiwaunganisha. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ametangaza kwamba muuaji wa Laius, awe nani, atafukuzwa Thebes. Ukweli ulipomfikia hakutafuta mwanya. Alijitoboa macho, hilo kila mtu hulikumbuka kwa sababu linatisha. Ambalo watu hulisahau ni kwamba anamwomba Creon amtoe mjini. Adhabu aliyomtangazia mwingine anaidai iwe yake, na ufalme anauacha.

Asiyejua anaacha kiti. Anayejua analala nacho. Sophocles aliandika zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Shakespeare, na bado ukiwasoma wawili hawa pamoja utadhani walikuwa wanajibizana.

Najua kuna atakayeniambia mimi ni mkali sana, kwamba kujuta ndio mwanzo wa kubadilika. Pengine. Yule anayenipa shida mimi ni Enobarbus, katika Antony and Cleopatra. Anamtoroka bwana wake Antony vita vikiwa vimekaribia, anajiunga na Caesar, anaacha hadi mizigo yake. Antony badala ya kumlaani anamtumia mali yake yote, na juu yake zawadi. Mjumbe anashusha mizigo kutoka kwa nyumbu mlangoni pa hema. Enobarbus anavunjika. Anajiita mwovu kuliko wote duniani, na usiku huo anakufa chini ya mwezi akilitaja jina la Antony.

Huyo namlilia. Hata hivyo, ile njia waliyopita nyumbu wa Antony kuja ilikuwa njia ya kurudi pia. Antony alikuwa anahitaji kila askari kesho yake. Enobarbus alichagua kutafuta shimo la kufia, na Antony hakupata chochote kutokana na uchungu ule wote.

Hata mke wa Macbeth ni hivyo hivyo. Alisema maji kidogo yanatosha kuwasafisha, kisha akaishia kutembea usingizini akisugua mikono isiyotakata, mshumaa hauzimwi karibu naye. Inasikitisha, kweli. Lakini siri yake anaiambia giza. Macduff, aliyebaki bila mke wala mtoto, hasikii neno.

Turudi kwa Claudius, maana Shakespeare alimpa nafasi ya mwisho, na watu wengi huipita wakikimbilia panga na vifo. Kwenye onyesho la mwisho ameandaa kikombe cha sumu kwa ajili ya Hamlet. Gertrude, bila kujua, anakichukua. Claudius anamwambia asinywe. Basi, hayo tu. Kumwokoa kulitaka sentensi moja zaidi, ya kusema kikombe kina nini na nani amekitia. Lakini sentensi hiyo ingemvua taji mbele ya watu wote. Huyu ni yule yule aliyepiga magoti, na huyo ni mwanamke aliyemuulia ndugu yake. Claudius ananyamaza, anamtazama mkewe akinywa.