Beringi za elfu nne kwa rili ya mjomba

Barua ya leo imetoka Kibugu, kule juu ya mji wa Embu ambako kahawa inapakana na chai na asubuhi hutoki nje bila sweta. Mwandishi wake ni mwanafunzi wa chuo aliye likizoni. Mjomba wake amemletea kutoka ng'ambo ufito wa kuvulia samaki pamoja na rili yake, yaani kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Muuzaji mmoja jijini amemwambia kuwa akiiwekea beringi mpya za kauri, rili hiyo itarusha ndoana mbali maradufu. Bei ni shilingi elfu nne. Kijana anazo, alizipata kwa kuchuma majani chai likizo nzima, lakini ndizo pia alizoweka za vitabu vya muhula ujao. Anauliza, je, anunue?

Hebu tuifungue rili hiyo kwanza. Yeyote aliyewahi kumtazama fundi wa baiskeli akifungua gurudumu anazijua gololi, zile duara ndogo za chuma zinazoelea ndani ya grisi. Beringi ya rili ni kitu hicho hicho, ila ni ndogo kuliko kitufe cha shati, na gololi zake zimefungiwa kati ya pete mbili za chuma. Kazi yake ni kupunguza msuguano mahali panapozunguka.

Sasa swali ni hili: unaporusha ndoana, ni kitu gani kinachozunguka?

Rili ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza hukaa juu ya ufito, na unaporusha, gurudumu lenyewe huzunguka kwa kasi likitoa mshipi. Hapo beringi mbili zinazolishikilia gurudumu zina kazi kweli kweli, na zikiwa nzuri utaona tofauti, hasa kwa chambo chepesi. Ya pili huning'inia chini ya ufito. Hii, unaporusha, gurudumu halizunguki hata kidogo! Mshipi hujichomoa wenyewe kupitia ukingo wa mbele, kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo kilichosimamishwa. Beringi zake hufanya kazi unapozungusha mkono kuvuta samaki, si unaporusha. Hata ukiitia beringi za dhahabu, ndoana haitakwenda mbele zaidi hata kwa hatua moja.

Kijana wetu ameichora rili yake kwenye barua, na mchoro ni mzuri. Ni ile ya kuning'inia.

Tena fikiria anakovua. Anasema ni kijito karibu na msitu, anatafuta trauti. Samaki huyo si mzaliwa wa kwetu. Aliletwa kutoka Uingereza na kutiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905, kisha akasambazwa katika mito baridi ya milimani. Vijito hivyo ni vyembamba na vimefunikwa na matawi. Anayerusha ndoana mita ishirini pale atavua mti. Na wale wavuvi wa trauti wanaotumia chambo cha mfano wa nzi, rili yao ni ya kuhifadhia mshipi tu, maana mshipi wenyewe huvutwa kwa mkono. (Leseni usisahau, kijana. Pita ofisi ya uvuvi Embu kwanza.)

Ingekuwa anateremka hadi bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye mto Tana, ningesita kidogo. Maji yale ni mapana, na kurusha mbali kuna faida, maana hakuna mwenye akili atakayeingia majini kusogea mbele huku mamba wapo. Huko, kwa mwenye rili ya juu ya ufito, beringi mbili bora si anasa. Lakini naye ajue kwamba gurudumu likizunguka kasi kuliko kidole chake kinavyoweza kulizuia, mshipi utafumana kama nywele za mwehu na jioni yote itaishia kufumua mafundo.

Kuhusu kauri yenyewe, gololi zake ni kweli hazishiki kutu. Lakini kwa kawaida pete zinazozishikilia bado ni za chuma, na hizo hushika. Wala usitishwe na namba 5, 7 au 9 baada ya herufi ABEC. Hicho ni kipimo cha Marekani cha usahihi wa vipimo vya beringi. Hakisemi chuma ni cha aina gani wala kitadumu miaka mingapi.

Iwapo rili inazunguka kwa uzito, nashuku uchafu au grisi iliyoganda kabla ya kushuku beringi. Itoe beringi, iloweke kwa petroli kidogo kwenye kifuniko cha chupa, nje ya nyumba na mbali na jiko, kisha iache ikauke kabisa. Ivishe kwenye ncha ya penseli uizungushe kwa kidole. Ikiteleza kimya, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja, si kijiko! Mafuta ya kupikia usijaribu, yatageuka gundi. Ikikwaruza hata baada ya kuoshwa, hiyo imekufa, nunua nyingine ya chuma kisichoshika kutu. Pima kwanza tundu la ndani, upana wa nje na unene, kwa maana tofauti ya milimita moja tu itakurudisha dukani.

Mahali pamoja pa kuangalia sana kwenye rili kama yake ni kile kigurudumu kidogo pembeni ambacho mshipi hupitia unapovutwa. Hicho hulowa kila siku na hukwama upesi, na kikikwama mshipi hujisokota na kuchakaa. Kama kuna beringi ya kubadilisha, ni hiyo moja.

Kwa hiyo nunua vitabu, kijana, na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Ukishaiosha rili, tuandikie utuambie kama bado ni nzito.

Jumapili ijayo nitamjibu mama wa Buruburu ambaye pasi yake inarusha cheche.