Kisanduku cha Kuunguruma na Mikisa ya Kanisa

Imekuwa ada siku hizi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni hata Buruburu, Umoja na Kayole, kwa kijana aliyejaaliwa kidole chepesi na sikio lililotekwa na blues, kuamini kwamba baina yake na sauti ya mastadi wa Texas na Chicago hapana kizuizi kingine ila kisanduku kimoja cha chuma kikanyagwacho kwa mguu, kiitwacho pedali ya ovadraivu. Naye kwa imani hiyo hujinyima, hudunduiza, hukopa kwa rafiki na jamaa, hata akakinunua kile chenye jina kubwa kuliko vyote, kisha akakichomeka Jumapili mbele ya kusanyiko na kutoa kelele ambayo hata yeye mwenyewe huionea haya. Sina nia ya kumkejeli kijana huyo, kwa kuwa mapenzi yake ni ya kweli na fedha yake ni ya jasho. Dai langu ni kwamba amechagua kwa mizani isiyo ya hapa. Pedali haipimwi kwa jina lake, wala kwa jina la hayati aliyeikanyaga, bali kwa kile kinachopokea sauti baada yake. Na katika Eastlands kinachoipokea aghalabu si ampu ya gitaa, ni mikisa ya kanisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti.

Ngurumo hii tuitafutayo kwa fedha ilianza kama aibu. Mwaka 1951, bendi ya Ike Turner ilipokwenda Memphis kurekodi wimbo uitwao Rocket 88 katika studio ya Sam Phillips, ampu ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ilikuwa imeharibika safarini, na Phillips, badala ya kuahirisha kazi, akashindilia karatasi mahali spika ilipopasuka na kuiacha ikorome hivyo hivyo. Nao ulimwengu ukaupenda ukorofi ule. Ampu za zama hizo zilitumia valvu, na valvu ina tabia yake: ikisukumwa kupita kadiri ya nguvu zake haitaharuki ghafla, bali huvinyoa vilele vya mawimbi ya sauti taratibu, na katika kunyolewa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo sikio la mwanadamu huzipokea kama joto na uchungu. Pedali ya ovadraivu ni jitihada ya kuiga tabia hiyo kwa transista na daiodi ndani ya kisanduku cha volti 9.

Iliyotukuka kuliko zote ni ile ya rangi ya kijani, Tube Screamer, iliyotolewa na kampuni ya Ibanez ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambayo mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan wa Texas, aliyefariki mwaka 1990, aliipa utukufu ambao hakuna tangazo la biashara lingeweza kuupa. Ndani yake mna chipu moja ndogo na daiodi zinazoinyoa sauti kwa upole. Lakini fauka ya kuinyoa, huipunguza ile iliyo chini ya kiasi cha hezi 720, kisha huififisha ile kali ya juu, ikabaki sauti ya katikati imetuna kama nundu. Vaughan hakuitumia nundu hiyo peke yake. Aliipeleka kwenye ampu kubwa za valvu zilizokwisha kufunguliwa hadi zikakaribia kukoroma zenyewe, na kazi ya kisanduku ilikuwa kuzisukuma hatua moja mbele, huku besi iliyopunguzwa ikizizuia zisivurugike. Nusu ya sauti ile tuisikiayo katika rekodi zake ilitoka nyuma ya kisanduku, katika valvu na karatasi ya spika. Na hiyo nusu haiuzwi pamoja na kisanduku.

Sasa tazama mambo yalivyo kwetu. Mpiga gitaa wa kwaya, au wa bendi inayokodishwa kwa arusi na harambee, huchomeka waya wake moja kwa moja katika mikisa, na mikisa hupeleka sauti kwenye spika zile zile zinazobeba mahubiri na kinanda. Spika ya gitaa hasa ni chombo kilichopungukiwa kwa makusudi: hupoteza karibu kila kilicho juu ya hezi 5,000, na upungufu huo ndio unaoyafuta makapi ya ovadraivu, yakabaki matamu. Spika ya ukumbi, kwa kuwa imeumbwa ili kila herufi ya mhubiri isikike, hufika hezi elfu kadhaa juu ya hapo na kuyatangaza makapi yote, ndipo waumini wakasikia mchakacho kama wa mafuta ya viazi karai barabarani jioni. Kijana hudhani pedali yake ni bandia. Si bandia, imekosa mwenzi.

Kwa hiyo, kwa mwenye fedha ya kitu kimoja tu, nasema bila kusitasita: asinunue pedali. Na anunue ampu ya gitaa, hata ndogo, hata ya mtumba, hata ya transista, kisha aiwekee maikrofoni mbele ili mikisa ipate sauti iliyokwisha kupita katika spika yake halali. Wapo watakaoguna kusikia neno transista likitajwa karibu na blues. Hao ningewakumbusha mpiga gitaa wa blues B.B. King, aliyepiga Kinshasa mwaka 1974 katika tamasha lililoandaliwa kuambatana na pambano la ndondi la Ali na Foreman, na ambaye miaka ya baadaye alipendelea ampu ya Lab Series L5, ambayo haina valvu hata moja. Kilio cha mzee yule kilikuwa kidoleni, katika kule kuutetemesha uzi hata ukasema. Na kama ampu haipatikani kabisa, basi kipo kisanduku cha namna nyingine, kinachoiga spika ya gitaa kwa hesabu za kompyuta, nacho kikiwekwa baada ya pedali na kabla ya mikisa hukata yale makapi vizuri kuliko wengi wanavyokiri.

Isidhaniwe kuwa masikio ya watu wetu hayapendi ukwaruzo. Hayati George Mukabi wa Butsotso, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa kavu lenye sauti safi kama maji ya chemchemi, na kando yake chupa ya Fanta ikikwaruzwa mbavu zake kushika mahadhi. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu na kuigonga kwenye ala, njuga nazo zikilia. Na katika endongo ya Waganda nyuzi hupigapiga juu ya ngozi ya kenge hadi zikavuma. Ila kwetu, tofauti na Waganda, ukwaruzo uliwekwa kando ya uzi, nao uzi ukaachwa safi. Muziki wa benga ulirithi desturi hiyo: sikiliza magitaa ya Shirati Jazz ya hayati D.O. Misiani, yanavyofumana bila moja kulikanyaga jingine, nawe utafahamu kwamba usafi ule ndio unaoacha nafasi. Wanamuziki wa Zambia wa miaka ya 1970, akina bendi ya WITCH na Paul Ngozi, walichagua njia nyingine, wakautia uzi moto tangu mwanzo hadi mwisho, na matokeo yakawa mazuri kwa sababu bendi nzima ilijengwa kuuzunguka moto huo.

Bendi nyingi za Eastlands hazikujengwa hivyo. Zina magitaa mawili au matatu, kinanda, na sebene inayongojwa na wachezaji. Hapo ile nundu ya Tube Screamer, ambayo katika bendi ya watu watatu humwinua mpigaji juu ya ngoma na besi, humwangukia mpiga ridhim na kumziba. Mimi katika hali hiyo ningechagua pedali iliyo wazi zaidi, mathalan Blues Driver ya Boss, iliyotoka mwaka 1995, ambayo haitunishi katikati kwa kiasi kile na hufuata mkono kwa utiifu. Wapo mabingwa watakaonipinga, na wana haki. Lakini jaribio la kuamua ni jepesi nalo halihitaji bingwa: washa pedali, piga kwa nguvu, kisha piga kwa ulaini, na urudishe kitasa cha sauti cha gitaa nusu. Ikiwa ngurumo imejificha na gitaa likarudi kuwa safi, hiyo ni pedali ya blues, iwe ya jina au isiyo na jina. Ikiwa inanguruma vile vile upende usipende, muachie muuzaji. Habari za Klon Centaur, kisanduku cha Marekani cha mwaka 1994 kinachouzwa leo kwa maelfu ya dola, tuwaachie wakusanyaji wa vitu adimu.

Tena kitu chenyewe si muujiza. Chipu ya aina ya 4558, ambayo ndiyo roho ya kile kisanduku cha kijani, imejaa katika vyombo vya muziki vya kawaida kabisa. Daiodi, vikinza na kapasita ni bidhaa za kila siku kwa mafundi wa Luthuli Avenue. Na wafua bati wa Kamukunji, wanaotengeneza masanduku ya watoto waendao shule za bweni, hawashindwi na kasha la ukubwa wa kiganja, ambalo likiunganishwa na ardhi ya saketi huzuia mivumo ya nje. Fundi wa redio mwenye subira na chuma cha kulehemia aweza kuijenga. Kinachohitaji hadhari ni adapta yake: ni volti 9 za mkondo mnyoofu, na katika pedali nyingi ncha ya katikati ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za nyumbani; atakayechomeka adapta isiyofaa kwa pupa ataiunguza pedali. Na pale ukumbi ulipo mkuukuu, waya wa ardhi wa umeme ukiwa umekatika au haukuwekwa kamwe, mvumo wa hezi 50 hauponywi na pedali yoyote, na mpigaji anayegusa maikrofoni na nyuzi kwa pamoja yumo hatarini. Aitwe fundi wa umeme kwanza.

Neno la mwisho nawaelekezea watunza hazina wa makanisa na wasimamizi wa kumbi za mitaa, ambao kila mwaka huongeza jozi ya spika kubwa kushindana na jirani. Mwaka huu waiahirishe jozi hiyo, wanunue ampu moja ya gitaa yenye spika ya inchi 12, ibaki ukumbini, ifungiwe kwa kufuli, itumiwe na kila mpigaji ajaye kwa zamu yake. Na kijana ajaye na pedali anayokusudia kuinunua aombwe kuisikia hapo kwanza, kabla hajailipia.