Kujitolea si Kutolewa

Kitenzi kujitolea kina kiungo kidogo ndani yake, ji, ambacho kazi yake ni kumrudishia mtenda tendo lake. Ajitoleaye ndiye atoaye, na ndiye kitolewacho. Sarufi imekwisha kata shauri hili zamani. Walakini liko jambo lifanywalo katika shule nyingi za vijijini, nazo za Matombo hazina kinga nalo, kana kwamba sarufi hiyo haikuwapo. Mwalimu wa kike, aghalabu kijana na mgeni wa juzi, huambiwa kuwa tangu leo yeye ndiye kiongozi wa skauti wa kike. Kisha husifiwa mbele ya wazazi kwa moyo wake wa kujitolea. Huyu hakujitolea. Huyu katolewa, kama atolewavyo mbuzi zizini.

Chama chenyewe hakikuzaliwa hivyo. Mwaka 1909 Baden-Powell alikusanya skauti wake wa kiume Crystal Palace, London, na wasichana wakatokea bila ya kualikwa, wakidai nafasi yao. Mwaka uliofuata wakapewa chama chao, na kufikia 1928 kilikuwa kimeingia Tanganyika. (Jina la Kiingereza, Girl Guides, halikupata bahati katika Kiswahili: neno la pili likitamkwa kwa ulimi wa hapa hukaribia gaidi, yaani mnyang'anyi wa njiani. Skauti wa kike ni jina la salama.)

Wako wazee wasemao kuwa mambo haya ni ya kigeni, na msichana wa Kiluguru hayahitaji. Hoja hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake unatoka Uluguru kwenyewe. Mwali wa Kiluguru, akisha kuvunja ungo, aliwekwa ndani, pengine kwa miaka, akafundishwa na wanawake wazima mambo ya mwili wake na ya maisha yatakayomkabili. Mwanamke wa kumfunda msichana asiyemzaa si jambo geni katika milima ambayo ukoo hufuatwa kwa mama. Lililo geni ni kumpa mwanamke kazi hiyo bila ya kumwuliza, na bila ya ada. Kungwi hakwenda mikono mitupu, wala hakurudi mikono mitupu.

Wako na wengine, hasa wasomi wa mjini, wasemao kuwa ukileta fedha umeua moyo. Hawa wanachanganya ujira na gharama. Hakuna aombaye mshahara. Lakini kiongozi apelekaye wasichana Morogoro kwa mkutano hulipa nauli. Bendeji za kufundishia huduma ya kwanza hununuliwa. Jumamosi aliyoitoa ni siku ambayo shamba lake halikulimwa. Mtu akitoa wakati wake, ametoa. Akidaiwa na mfuko wake pia, huko ni kutozwa kodi, na kodi isiyo na risiti.

Matombo ina sababu zake za kulijua jambo hili kuliko mahali pengine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko, ikasema ni kwa faida yao wenyewe. Kazi ilikuwa nzito, nayo haikuwa na malipo. Tena ngazi zilifukua udongo mbichi wa chini usiozaa kitu. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango ule ukaachwa. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo jema. Ubaya ulikuwa katika kuita hiari kisicho hiari.

Hasara ya leo haina risasi, nayo kwa hiyo haionekani upesi. Kiongozi aliyeshurutishwa huchoka, huomba uhamisho, na kikundi hufa siku anayopanda basi. Anayebaki ni msichana wa darasa la saba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya kutimiza miaka 18 vinapingana na Katiba. Na mwaka 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Maneno haya hayapandi mlima peke yake. Yahitaji mwanamke mzima ambaye msichana anamwamini, naye awe mtu wa kudumu, si wa muhula mmoja.

Watu wa namna hiyo hawakosekani. Wamo walimu waliostaafu, wakunga, na akina mama wa kwaya ambao hawajaulizwa kwa kuwa ni rahisi zaidi kumwamuru aliye chini. Na huyo mwalimu kijana, akiulizwa, huenda akakubali kwa furaha. Lakini sharti aweze kukataa bila ya jina lake kuandikwa vibaya. Kikao cha wazazi kinaweza kufunguliwa kwa maswali mawili: nani anataka kazi hii, na nauli yake italipwa na nani?