Chembe hakina kosa, upinde ndio wa kurekebishwa

Wauzaji wa zana za kuwindia nchini Marekani wana msimu wao wa mavuno, kama walivyo nao wauza mbegu na mbolea wa Afrika Mashariki mvua zinapokaribia. Msimu huo huanza mwishoni mwa kiangazi, wiki chache kabla ya majimbo mengi kufungua uwindaji wa kulungu kwa upinde.

Malalamiko ya wateja huwa yale yale. Mtu amejifunza kulenga miezi mitatu nyuma ya nyumba yake kwa vyembe vya mazoezi, vile vyenye ncha nyembamba kama ya penseli, na mishale yake yote inaingia katika eneo la kisahani cha kikombe. Siku anapofunga chembe cha kuwindia, chenye makali mawili au matatu yaliyotoka nje kama mabawa, mshale ule ule kutoka upinde ule ule unapiga shibiri nzima pembeni. Tena kwa umbali wa mita 18 tu.

Muuzaji ana jibu tayari: nunua vyembe vingine. Vipo vya kukunja, ambavyo makali yake hubaki yamefungwa hewani na kufunguka vinapogusa mnyama. Vipo vifupi zaidi, vipo vya bei mara mbili. Jibu hilo linafaa kwa sanduku la fedha la muuzaji. Kwa mwindaji, kwa kulungu na kwa mkulima mwenye shamba, ni jibu bovu.

Mkulima anaingia hapa kwa sababu sehemu kubwa ya uwindaji huo hufanyika katika ardhi yake. Kulungu wa mkia mweupe hula soya na mahindi bila huruma, na mwenye shamba lililo karibu na makazi hupenda mwindaji wa upinde kwa kuwa hana kishindo na mshale wake hauendi mbali kama risasi. Katika majimbo kama Texas, kukodisha ardhi kwa wawindaji ni chanzo cha mapato kinachokaa katika hesabu za shamba pamoja na ng'ombe. Lakini kulungu aliyechomwa mshale wa tumbo hukimbia, akavuka uzio na kwenda kufia kwa jirani. Likitokea hilo mara mbili, ruhusa inafutwa na mkataba haurudiwi.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini mshale hupotea. Manyoya yaliyo nyuma ya mshale, ambayo siku hizi mara nyingi ni ya plastiki, yapo ili kuuelekeza. Chembe chenye makali mapana ni kama kuweka manyoya mengine mbele. Mshale ukitoka umenyooka, sehemu hizo mbili hazina ugomvi. Ukitoka umepinda hata kidogo tu, makali ya mbele yanashika hewa na kuvuta upande wake, huku manyoya ya nyuma yakijaribu kuurudisha. Chembe cha mazoezi hakishiki hewa, kwa hiyo kosa lile lile lilikuwapo kiangazi kizima, limefichwa.

Kwa maneno mengine, chembe cha kuwindia hakileti kosa. Kinalitangaza. Anayekitupa na kununua cha kukunja amemfukuza shahidi, na upinde umebaki ulivyokuwa. Isitoshe, mshale unaoruka upande upande hupoteza nguvu ya kupenya, na chembe cha kukunja kinahitaji sehemu ya nguvu hiyo hiyo ili kufunguka.

Upinde wenyewe unarekebishika. Upinde wa roda, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza yake mwaka 1969, ni mashine. Roda za kwenye ncha zake humpunguzia mvutaji mzigo anapofika mwisho, kiasi kwamba upinde wa kilo 32 unaopunguza asilimia 80 humwachia kilo zisizozidi 6.5 za kushikilia wakati analenga. Mashine yenye roda, kamba na skrubu inahitaji fundi na bisibisi kabla ya kuhitaji vipuri vipya.

Kazi huanza kwenye mshale. Ugumu wa mti wake lazima ulingane na nguvu ya upinde, na namba iliyoandikwa ubavuni ndiyo kipimo: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mshale unavyokuwa laini. Mshale wa 500 hupinda zaidi ya ule wa 340. Wanunuzi wengi hudhani ni kinyume chake, na wapo wanaouziwa hivyo hivyo. Kisha chembe kikazwe na mshale uzungushwe juu ya kitu laini kama meza ya kioo. Ncha ikiyumba, mti haukukatwa sawa au chembe hakikukaa katikati, na hakuna marekebisho ya upinde yatakayosaidia hapo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao hawana duka la kulalamikia, hunyoosha mti wa mshale kwa moto na meno.

Baada ya hapo hutazamwa kama roda zote mbili zinafika mwisho pamoja, kwa upinde wa aina hiyo, halafu mshale hupigwa kupitia karatasi iliyotandazwa kwenye fremu mita mbili mbele. Tundu safi lenye alama za manyoya pande zote ni dalili njema. Karatasi ikichanika kwenda upande mmoja, mshale umetoka mkia ukiwa pembeni.

Wengi huishia kwenye karatasi. Hilo ni kosa, kwani karatasi inaonyesha mita mbili za kwanza tu. Kipimo chenyewe ni kupiga vyembe vya aina zote mbili, vyenye uzito sawa, kwenye shabaha moja kwa umbali wa mita 18, kisha 27 na zaidi. Mishale mitatu mitatu inatosha, kwa sababu mmoja unaweza kuwa kosa la mkono.

Kanuni ni rahisi kuliko inavyosemwa. Kiegemeo cha mshale husogezwa kuelekea pale vyembe vya mazoezi vilipopiga. Vya kuwindia vikipiga kushoto kwa vile vya mazoezi, kiegemeo kinakwenda kulia. Vikipiga chini, kinapandishwa. Husogezwa kwa chini ya milimita moja kila mara, kisha watu wanapiga tena. Mtu mwenye haraka anayesogeza milimita tatu huvuka alipotaka kufika na kuanza kuutukana upinde.

Jambo moja halifai kuguswa wakati huo: kifaa cha kulengea. Wapo wanaokisogeza mpaka chembe cha kuwindia kipige katikati, wakaondoka wameridhika. Mshale wao bado unaruka umepinda, ila sasa umepinda kuelekea katikati, kwa umbali ule mmoja waliopimia na siku isiyo na upepo. Kifaa hicho husogezwa mwisho kabisa, aina zote mbili zikishakubaliana.

Pengine kiegemeo kinasogezwa wee na makundi hayakaribiani. Mara nyingi kosa ni la kiganja. Anayekaba mpini wa upinde anausokota bila kujua anapoachia, na tundu kwenye karatasi linabadilika kila mshale. Huyo hahitaji fundi wala duka, anahitaji kulegeza vidole.

Marekani ina fedha ya kuwafundisha watu haya. Sheria ya Pittman na Robertson ya mwaka 1937, iliyotoza kodi silaha za kuwindia, ilipanuliwa kwa sheria ya mwaka 1972 ikagusa pinde. Watengenezaji hulipa asilimia 11 kwa upinde na kwa chembe, na fedha hizo hurudi majimboni kuhifadhi wanyama, kujenga viwanja vya kulengea na kufundisha wawindaji. Kila chembe kinachonunuliwa bila sababu kinachangia mfuko huo, na huenda ndiyo faida yake pekee.

New York humtaka mwindaji wa upinde awe na cheti cha mafunzo. Ingekuwa busara kila jimbo liongeze kipimo kimoja kwenye mafunzo hayo: mwanafunzi aje na upinde wake na vyembe atakavyowindia, apige mbele ya mwalimu. Wapinzani wa uwindaji huu hoja yao kubwa ni mnyama anayejeruhiwa akapotea, na Uingereza hairuhusu upinde utumike kuwindia kabisa. Hoja hiyo haijibiwi kwa tangazo la chembe kipya.

Msimu unapofunguka, vyembe vilivyotumika kupimia viwe vimebadilishwa makali, maana shabaha ya povu huyafanya butu kwa mapigo machache. Kila mshale utakaoingia podoni uwe umepigwa angalau mara moja na chembe chake. Unaokataa kwenda na wenzake uwekwe alama na ubaki nyumbani kwa mazoezi.