«Rhum» ya chupa ndogo inapita, kanyanga ya mama inamwagwa

Kwenye vibanda vya Butembo, na Beni vilevile, chupa ndogo ya plastiki yenye neno «rhum» kwenye lebo inauzwa mchana kweupe, kando ya mikate na sabuni. Mtoto akitumwa, anauziwa. Nyuma ya kibanda hicho hicho, mama aliyekimbia Kanyabayonga ao Eringeti anapika kanyanga kwa kujificha, sikio likiwa barabarani. Polisi wakifika, pipa linapinduliwa, amande inalipwa bila risiti, na bidoni iliyokwisha kujaa inabebwa. Hiyo haimwagwi.

Wakaaji wanajua kwamba huo ni udhalimu, hata kama wengi wanaogopa kuusema.

Rumu, kwa asiyejua, ni pombe kali ya muwa. Jamaica na Barbados wanachachusha molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikisha kutolewa, kisha wanauchemsha na kukamata mvuke wake. Martinique wanatumia maji mabichi ya muwa, na tangu 1996 sheria ya Ufaransa inalinda jina la rumu yao: muwa utoke wapi, pombe ipikwe namna gani. Brazil wana cachaça. Wanavijiji wa Madagaska wanapika toaka gasy. Haiti kuna clairin, inayotoka kwa mamia ya wapishi wadogo vijijini. Mama wa Oicha akipelekwa mbele ya mtambo wa Haiti hatahitaji mkalimani: pipa, moto, bomba linalopita ndani ya maji baridi, tone kwa tone. Tofauti ni kwamba yeye anaanza na mihogo, mahindi ao ndizi.

Sasa ile chupa ya kibandani. Soma maandishi madogo. Pakiandikwa «arôme», maana yake ni spiriti ya kiwanda iliyotiwa harufu, mara nyingi na rangi pia. Muwa hapo ni jina tu. Kanyanga angalau haidanganyi mtu kuhusu ilikotoka.

Rumu nayo ilianza kwa wanyonge, watumwa wa mashamba ya miwa. Wakubwa waliidharau, kisha wakaona ina pesa. Mwaka 1660 wenye mashamba wa Rio de Janeiro waliasi kwa sababu ya ushuru wa cachaça, wakauangusha utawala wa gavana kwa miezi kadhaa. Leo Brazil inaiuza nchi za nje kwa majivuno. Kongo ilirithi njia nyingine: Mbelgiji alimkataza Mwafrika pombe kali, huku yeye akinywa whisky barazani. Uhuru ulikuja 1960, bendera ikabadilika, lakini mpishi wa lotoko akabaki mhalifu.

Uganda, ng'ambo ya Kasindi tu, walijaribu. Sheria ya 1965 iliwataka wapishi wa enguli wawe na kibali na wauze pombe yao kiwandani ili isafishwe tena. Ndivyo waragi ya chupa ilivyozaliwa. Mambo hayakunyooka yote: mwaka 2010 makumi ya watu walikufa upande wa Kabale kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli.

Kwa hiyo wapishi nao waambiwe ukweli. Matone ya kwanza yatupwe, yasiuzwe hata kwa mlevi. Radieta ya gari isitumike kupoza mvuke, kwani ina madini ya risasi yanayoingia damuni na kuharibu ubongo wa mtu polepole. Anayeongeza spiriti ya kiwanda ili pombe ikaze, huyo afungwe, awe mama ao baba. Na baba anayekunywa pesa ya msaada wakati watoto wanalala njaa, asisingizie vita.

Lakini nani anapima chupa ya kibandani? Tanzania ilikataza viroba mwaka 2017, Uganda ikafuata 2019. Kilichofukuzwa huko kisipate soko huku. OCC ndiyo yenye kazi ya kupima ubora wa bidhaa. Ichukue chupa sokoni, ipime, itangaze majibu redioni, majina yakitajwa. Mameya wa miji hii miwili, ambao ni maofisa wa polisi tangu hali ya dharura ya Mai 2021, hawakosi nguvu za kuwaamuru watu wao. Watoe kibali cha bei ambayo mkimbizi wa ndani anaweza kuilipa, na wapishi wafundishwe kwanza. Muuzaji anayempa mtoto pombe afungiwe kibanda.

Na kabla ya hayo yote, jambo moja lisilohitaji sheria mpya: polisi anayepindua pipa leo aache karatasi yenye jina lake, pesa alizopokea, na hesabu ya bidoni alizobeba.