Kakao: Utabiri Usomwe Kabla ya Kupasua

Aprili ni kilele cha masika Kyela, na kila wiki swali la sokoni ni lile lile: wiki hii kutakuwa na jua? Kwa maoni yetu, mkulima wa kakao auulizie wiki inayofuata. Kakao iliyopasuliwa Jumatatu huvundikwa siku 5 hadi 7. Jua italihitaji baadaye. Ikikutana na mvua vichanjani hushika ukungu, na kakao yenye ukungu haina bei mnadani. Basi utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kabla ya kupasua. Tunda lililoiva husubiri mtini siku chache; punje zilizovundikwa hazisubiri.

Mwenye mpunga bondeni naye asitazame anga la Kyela pekee. Mito Kiwira na Mbaka hushuka kutoka Rungwe. Mvua ya Tukuyu yaweza kumfikia yeye akiwa juani. Tahadhari ya mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24 huko juu ni habari ya soko huku chini. Anayengoja kuyaona maji amechelewa kuhamisha magunia.