Mwamba Ukisogea Polepole, Mwili Hausikii



Katika dispanseri tunaambiwa mara nyingi: «Mimi ni mtu wa zamani wa mgodi, udongo ukitaka kuanguka ninausikia.» Mimi sikubali. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu myembamba yenye maji. Kichwa kikigeuka, maji yanachelewa nyuma, na ubongo unajua. Lakini mwendo ukiwa wa polepole sana, maji yanafuatana na mfereji, na mtu anafikiri amesimama tu. Sikio tumepewa la kutembea na kucheza ngoma, si la kulinda ukuta wa karieri.

Sasa kuna chombo kinachofanana na sikio hilo. Kimefanyiwa kazi miaka mingi huko Urusi, na wataalamu wa chuo kikuu cha Arizona State, Marekani, wamekitengeneza kidogo sana juu ya kipande cha silikoni, kwa njia ile ya kutengeneza vipande vya ndani ya redio. Hakina springi wala uzito wa chuma. Kina maji kidogo yenye iodi na chumvi yake (ndugu wa ile iodi ya vidonda, inayowaliza watoto) na vipande vya platini vyenye umeme mdogo. Udongo ukitikisika, maji yanapita kati ya vipande hivyo, umeme unabadilika, na badiliko linaandikwa. Vyombo vya namna hii vinasikia hata wimbi linalochukua sekunde 100 kupita. Kasoro ipo: joto linageuza tabia ya maji, kwa hiyo lazima hesabu isahihishwe. Wala hakitoshi peke yake. Ukuta unaosogea milimita chache kwa siku ni kazi ya rada.

Huko Bingham Canyon, mgodi wa shaba wa Marekani, rada na vipimo vingine vilionyesha kwamba ukuta unasogea. Watu wakaondolewa. Tarehe 10 Aprili 2013 ukuta ukaanguka, zaidi ya tani milioni 100, na hakuna aliyeumia. Kwetu Kolwezi, Juni 2019, wachimbaji zaidi ya 40 walifia chini ya udongo.

Kwa hiyo nasema wazi: vyombo vya kupima vikionya, timu itoke kwanza, maswali baadaye, hata kapita akiwa na haraka ya tani. Vikionya bure mara mbili, tusivicheke. Na saa za kungoja nje zilipwe kama saa za kazi, pamoja na primi yake, maana baba anayefikiri unga wa watoto atarudi chini kabla ya wakati.